Nyani Aliyeiba Kioo

Mwanga ulinipiga jicho la kulia, mweupe, mkali, kutoka kilele cha pili, kilomita ishirini na tatu mbele yangu. Nikatazama saa: nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Nikaandika kwenye fomu. Kisha nikashika kioo changu, nikalenga pale pale ulikotoka mwanga ule.

"Nimemulika, Kaka," nikasema kwenye redio ya mkononi. "Umeona?"

Redio ilikwaruza kidogo. "Sioni kitu."

Nikamulika tena. "Na sasa?"

"Sioni kitu, Chumvi. Kilima kimeziba. Ndivyo ramani ilivyosema."

Mara ya tatu nililenga kwa utulivu wa mtu anayetia uzi kwenye sindano. Akajibu vile vile, kwa sauti ya mtu anayesema kweli. Nikakaa juu ya jiwe. Mwanga hauna njia ya kwenda isiyo ya kurudi. Ikiwa mimi nimekiona kioo chake, yeye hana budi kukiona changu. Labda awe hana macho.

Chumvi ni mimi. Ofisini waliniita hivyo kwa sababu sikuwahi kusimulia jambo bila kulikoleza. Niliwahi kuwaapia wenzangu kwamba nilipanda mnara wakati wa radi, radi ikaniomba radhi na kupita pembeni. Shule ya ufundi sikuiona hata geti. Niliajiriwa dereva, nikajifunza kazi kwa kuchungulia mabegani mwa watu, na bega nililolichungulia zaidi lilikuwa la huyo Kaka mwenyewe, mpimaji tuliyemwita Darubini. Enzi zake angeweza kukutajia rangi ya shati la mtu aliyesimama kilima cha pili. Hilo sijalitia chumvi. Hilo moja.

Kazi yetu ilikuwa kugawa masafa. Mwenye mitambo ya mawasiliano huweka sahani mbili, moja huku na nyingine kule, zikatazamana juu ya mabonde kama wachumba waliokatazwa kugusana, na sisi huzipangia masafa ya kusemezana. Masafa ni machache, wanaoyataka ni wengi. Kwa hiyo masafa yale yale hupewa watu wawili, ilimradi kati yao pasimame kilima cha kuwazuia wasiingiliane. Ukutani tulikuwa na ramani kubwa yenye nyuzi za rangi, kila uzi njia moja, na juu yake kikaratasi cha masafa yake. Uzi mwekundu ulikuwa wa hospitali ya milimani. Kwa njia hiyo daktari wa kule, mmoja tu, aliwaita mabingwa wa hospitali kuu pindi mama alipokwama katika uzazi.

Sasa watu wa maji walikuwa wameomba masafa ya uzi mwekundu. Ramani ilisema wapewe, kilima kipo katikati. Lakini sisi tulikuwa na desturi: ramani husema, macho huthibitisha. Watu wawili, vilele viwili, vioo viwili. Kila mmoja hujaza fomu yake na kuifunga kwenye bahasha. Na safari hiyo jibu la kuwafurahisha wote lilikuwa "sikuona".

Darubini hakuona. Tatizo ni kwamba mimi niliona. Nilipoikagua njia polepole nikagundua kisa: machimbo ya mawe yalikuwa yamekula shingo ya kilima, yakaacha pengo kama la jino lililong'olewa. Ramani ilichorwa kabla ya pengo.

Pale juu ya jiwe mambo madogo yalianza kunirudia moja moja. Miezi mingi alikuwa akinipa tarakimu nimsomee: "Miwani nimeisahau, mdogo wangu," na miwani iko mfukoni. Siku moja aliimimina chai kando ya kikombe, ofisi nzima ikacheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Alikuwa amebakiza miezi kumi na moja astaafu. Kanuni ya kazi ilikuwa fupi: asiyeona hapandi mlima, na asiyepanda mlima hana nafasi kwetu. Mtu aliyeishi kwa jina la macho yake, ukimfukuza kwa ajili ya macho, umemzika akiwa amesimama.

Kama ningeandika "niliona" na kunyamaza, Mkuu angelaza fomu mbili mezani na kuuliza swali moja tu. Kama ningeandika "sikuona", siku moja daktari wa milimani angeita, na upande wa pili wangesikia kelele za watu wa maji.

Kabla sijaondoka nilikitupa kioo changu korongoni. Kilivunjika mbali sana, sikusikia hata mlio.

Nilimkuta Darubini amekaa juu ya kisanduku cha vifaa, kioo chake magotini, uso kaelekeza barabarani. Alinipungia mkono nilipozima injini, si kabla. Tulipofika nusu ya mteremko akauliza:

"Ulimulika?"

Nilibadilisha gia. "Sikumulika."

"Ulisema umemulika. Mara tatu."

"Kaka, unanijua mimi."

Akageukia dirisha. "Nakujua," akasema.

 Hadi tunafika mjini, kwa pembe ya jicho nilimwona akiifuta miwani kwa shati, akiivaa, akiivua, akiifuta tena.

Mkuu wetu alikuwa mama mfupi asiyepaza sauti, na kwa hiyo tulimwogopa. Asubuhi iliyofuata alizipanga zile fomu bega kwa bega.

"Wewe umeona kioo chake. Yeye hajaona chako. Nieleze."

"Nyani, mama."

"Nani?"

"Nyani. Dume. Nilipomaliza tu kuandika saa, akashuka mwambani, akaninyang'anya kioo, akakimbia nacho. Nadhani alitaka kujitazama. Kwa sura ile simlaumu."

"Na mwenzako ukamwambia umemulika."

"Aibu, mama. Mtu mzima na ndevu zake, kuibiwa na nyani."

"Redio hakuichukua?"

"Aliiweka sikioni. Aliposikia sauti ya Darubini akairudisha."

Darubini alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakucheka. Mkuu alimtazama yeye kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

"Nikuamini?" akaniuliza.

"Mimi usiniamini, mama. Ziamini fomu. Kioo kimoja kikionekana, njia iko wazi."

Na hiyo ilikuwa kweli tupu. Yeye hakuona, mimi niliona: fomu mbili za kweli, zilizoshonwa pamoja kwa uongo mmoja. Watu wa maji walipangiwa masafa mengine, na uzi wao wa buluu niliufunga kwa mikono yangu, mbali na ule mwekundu. Nilipewa barua ya onyo. Cheo cha mpimaji mwandamizi, nilichokuwa nimekinusa kwa miaka minne, kilikwenda kwa mwingine. Na kwa muda mrefu baadaye nilikuwa nikifika kazini nakuta ndizi mezani pangu.

Lakini uongo ule haukumaliza kazi. Zilikuwepo fomu nyingine, za miaka miwili nyuma, zenye sahihi ya Darubini, na njia zilizopitishwa kwa fomu hizo zilikuwa zikibeba sauti za watu. Jumamosi nikabisha hodi kwake.

"Tuna safari, Kaka."

Hakuuliza ya wapi. Alikuwa ameshavaa viatu vya mlimani, kamba zimefungwa, kana kwamba alikuwa amekaa hapo tangu alfajiri.

Jumamosi kumi na moja tulirudia njia kumi na moja, yeye akimulika, mimi nikitazama. Kioo hakihitaji macho ya kukishika. Mikono yake ilijua kulenga kwa dira na kijiti, kama mpishi ajuavyo chumvi. Tisa zilikuwa sawa. Mbili hazikuwa sawa, na kwa hizo niliripoti kwamba ramani ilikosea. Ramani haisubiri kustaafu.

Alistaafu kwa makofi na saa ya ukutani.

Sasa nami ni mstaafu, na yeye haoni hata kivuli. Huwa namtembelea, tunakaa barazani, namsimulia uongo mpya, ananikosoa pale ninapopunguza dozi. Habari ya kilima kile hatukuwahi kuigusa. Mwezi uliopita, asubuhi, akaiweka chini bilauri yake na kuuliza:

"Hivi yule nyani wako alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Anakua kila mwaka, Kaka."

Akatikisa kichwa kidogo, polepole. "Lete kioo."

Nikakitoa kile cha kunyolea kilichoning'inia karibu na bomba, nikaenda nacho hadi getini, hatua kama kumi na tano. Jua lilikuwa upande wangu.

"Nimemulika," nikasema. Kioo bado nilikuwa nimekielekeza chini.

"Hujamulika, mwongo we."

Nikakigeuza. Doa la mwanga lilipanda ukutani, likavuka bega lake, likatua shavuni. Lilikaa hapo. Akayafumba macho yake kama mtu anayemulikwa.

"Andika saa," akasema.