Kikombe cha Chai Kabla ya Sindano

Wifi mtu alikaa upande wa kichwani, mke upande wa miguuni, na mgonjwa katikati yao kama mpaka wa mashamba yenye kesi. Tangu alfajiri hawakusalimiana.

Daktari alikwisha kueleza jana. Uvimbe wa kwenye ini umeukumbatia mshipa mkubwa, kisu hakithubutu kupita pale. Watamlaza kwa nusukaputi, watamtia dawa mshipani, kisha watachoma sindano ndefu kuuzunguka uvimbe na kuzipitishia umeme, mapigo mafupi kuliko kupepesa jicho. Umeme utatoboa vitundu kwenye seli za uvimbe, dawa ipenye ndani.

"Mume wangu waliniteremshia kutoka kwenye nguzo ya umeme, mweusi kama mkaa," wifi alisema. "Leo niwape na mdogo wangu?"

"Yule alishika waya, wifi. Huyu yuko mikononi mwa daktari."

"Una haraka ya ujane wewe."

"Mjane ni wewe. Usinigawie."

Muuguzi akaingia, akafungua breki za kitanda. "Hajala kitu tangu jana usiku?"

"Hajala," mke alijibu.

Wifi akatabasamu. Tabasamu lile lilimchoma mke. Akamtazama mumewe vizuri, akaona makombo ya mkate kwenye kola ya gauni la hospitali. Angeweza kunyamaza, kitanda kikaondoka.

"Umekula nini?"

Mtu mzima wa miaka hamsini akaikodolea macho dari. "Dada kanipa chai ya maziwa. Na mkate. Ulipokwenda kuoga."

Muuguzi akafunga breki. "Basi leo haiwezekani. Akitapika usingizini atapaliwa, tutampoteza. Zamu nyingine ni Alhamisi ya wiki ijayo."

"Na uvimbe utasubiri?" mke aliuliza.

"Sijui, mama. Uvimbe hausomi kalenda."

"Mungu kaepusha," wifi akasema.

"Mungu hakukoroga sukari." Mke akamgeukia muuguzi. "Kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia humu, mfute huyu."

"Wa kufuta ni mgonjwa mwenyewe."

Wifi akacheka. "Mama yetu alipokufa, huyu alikuwa na miaka minne. Mgongo uliombeba ni huu. Haya, anifute."

Mke akaanza kuvuta mkoba wake, tayari kwenda zake.

"Dada," mgonjwa akasema, "nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa. Alhamisi pia nitakuwa na njaa. Ukiwepo, nitakula." Akamtazama muuguzi. "Sista, mfute."

Muuguzi akapiga mstari mmoja juu ya jina. Wifi hakuinuka kitini, kama aliyeambiwa jambo la mtu mwingine.

"Simama, mama," muuguzi akamwambia. "Kiti hicho ni cha walio kwenye orodha."