Ua Lililozaa Peke Yake

Panya walipolitoboa kopo la mbegu, Devota alilia kama aliyefiwa mara ya pili. Marehemu mama yake, Bertha, alizipanda njegere zile za maua nyuma ya nyumba yao ya Mafinga kwa zaidi ya miaka thelathini. Maua yake yalikuwa ya zambarau, na harufu ilimfikia mpita njia barabarani. Kwa mtu mwingine Devota hakuwahi kuyaona.

Ndani ya kopo zilisalia punje tatu. Akazipanda mwezi wa tatu. Mbili zikaoza, moja ikaota, ikaparamia fito, na mwezi wa sita ikachanua. Hapo ndipo roho ilipomkaa juu. Baridi ilikuwa kali, ukungu hauondoki mpaka saa sita, na nyuki hata wa dawa hakuonekana. Tena mmea wenyewe ni mmoja, mwenzake atatoka wapi? Akaanza kuyapapasa maua kwa unyoya wa kuku, asubuhi na jioni, bila kujua hasa anafanya nini.

Obeid, bwana shamba aliyekuja kukagua viazi vya jirani, alimkuta hapo.

"Kamwene, mama. Ua linaumwa?"

Devota akamweleza yote. Obeid akaomba tumba moja ambalo halijafunguka.

"Nina mmea mmoja duniani, nawe unataka kuuchuma?"

"Moja tu, mama yangu."

Akampa, shingo upande. Obeid akalipasua taratibu kwa ukucha. Ndani, unga wa njano ulikuwa umeshakipaka kile kijiti cha kike kilicho katikati.

"Umeona? Hizi ni ndugu za maharage, hazimsubiri nyuki. Dume na jike wanaishi chumba kimoja, na ndoa inafungwa kabla ua halijafunguka."

Devota akacheka mpaka akaona haya. "Kwa hiyo litazaa?"

"Litazaa, na watoto watafanana na mama yao. Usiyachume tu. Maganda yakianza kukauka yavishe kitambaa, maana hupasuka na kurusha mbegu."

Ikawa hivyo. Mwezi wa nane Devota alivuna mbegu za kujaza kiganja. Nusu akampelekea mdogo wake Lea kule Mbeya, nyingine akawagawia wanakwaya wenzake, chache akajiwekea, ili zisiwe tena za kopo moja. Kisha akajinyoosha kitandani mchana kweupe, akalala usingizi mzito ambao hakuuonja tangu baridi ilipoanza.