Kravati Iliyoota

Jumamosi moja ya mwaka 1974, saa mbili asubuhi, Sudi fundi cherehani alikuwa anapiga pasi dukani kwake mtaani Kamalondo, citoyen Ngosa akaingia (citoyen, yaani raia, ndivyo tulivyoamriwa kuitana) na kravati, yaani tai, shingoni. Ngosa alikuwa mkubwa wa chama mtaani, na chama kilikuwa kimoja tu. Kravati zilikatazwa, eti ni mambo ya wazungu, si ya asili yetu. Wanaume walivaa abakosti, imefungwa mpaka kooni, na kravati ya Ngosa ilikuwa imeota yenyewe juu ya abakosti yake.

"Kata," akasema.

Sudi akakata. Kabla hajaweka makasi mezani ikaota tena, ya bluu, yenye mistari myeupe.

Sudi aliijua. Aliiona mwaka 51, harusi ya Liévin wa reli, Liévin anacheza na Agnès wake, kravati inaruka begani na Agnès anairudisha kifuani. Ah, Kamalondo ile! Watu walicheza mpaka barabarani.

Liévin alikufa Alhamisi. Ijumaa Ngosa alifika kwenye kilio, akaifungua ile kravati shingoni mwa maiti, akaondoka nayo. Maziko yalikuwa leo saa tisa.

Feruzi, mshona viatu wa jirani, alikuwa amesimama mlangoni, na mdomo wake hauna breki.

"Citoyen, basi weye hauko mutu wa asili ya kweli."

"Niko!"

"Na hii ya shingoni?"

Wakabishana mpaka pasi ikapoa. Mwishowe Ngosa akapata jibu.

"Sikununua. Imeota. Ndevu zinaota, ziko za asili. Na hii iko ya asili."

Feruzi akafikiri, akasema kweli bwana, akaomba kuigusa.

Mama Agnès akaingia, kitenge cha kilio kiunoni. Akaishika ncha ya kravati. Doa la mafuta la siku ya harusi lilikuwapo.

"Kama sasa inaruhusiwa, citoyen, munirudishie ya bwana yangu. Tunaenda kumuzika."

"Ile ya marehemu, mama, ilinunuliwa dukani," akasema Ngosa kwa upole. "Ile iko ukoloni."

Saa tisa Liévin akazikwa, shati wazi kooni. Ngosa akasimama kaburini kuhutubia juu ya asili yetu. Upepo ukaja, ukamrushia kravati begani. Mama Agnès akanyoosha mkono airudishe kifuani, kisha akaona uso ulio juu ya kravati, wa Ngosa, akaushusha mkono.