Kumi na Saba Hajaagwa

Gari letu la zimamoto liliitwa Shangazi. Jina hilo alilitoa marehemu mke wangu Orpa, kwa kuwa lilinung'unika njia nzima, likachelewa, lakini mwisho likafika. Wazungu wa Pecan Branch, kijiji chetu huku Texas, walilipenda jina hilo wakalichora mlangoni.

Kikosi chenyewe ni cha kujitolea, hakuna mshahara. Wanasema kilianzishwa na wakulima baada ya banda kuungua na farasi ndani. Mwanzo walikuwa na lori la maziwa walilolifungia tangi. Baadaye wakapata Shangazi, ameshachokwa na mji mwingine. Sisi tulihamia huku kutoka Lewisville, mimi nikifanya kazi ya ghala karibu na uwanja wa ndege, Orpa akiuguza wazee. Siku moja akarudi amevaa koti la zimamoto linalomfika magotini. Nikamwuliza anakwenda wapi amejitia guniani.

"Baba Rogers," akasema, "kwetu nyumba ikiungua, nani anangoja serikali?"

Mimi niliishia darasa la nne. Mwenye maneno alikuwa yeye.

Shida ilikuwa pampu. Kila kikao walimwambia mwenyekiti wa bodi, bwana Brandon, kwamba pampu inakata maji. Kila kikao akasema bajeti ijayo. Mwezi wa nane nyasi zikashika moto, upepo ukageuka, Orpa yuko mbele ameshika mpira wa maji, maji yakakata. Zaidi ya hapo siandiki. Pampu waliitengeneza wiki ileile ya msiba. Hilo naliandika makusudi.

Wana desturi yao. Mwenzao akifa, makaburini wanamwita kwa redio ya upepo, kwa namba yake, mara tatu. Asipoitikia, kikosi kinamuaga kwa maneno maalumu, ndipo anapumzika. Kwetu Tarime aliyekufa hatumwiti. Lakini Jedidah, dada wa Kikisii aliyekuwa mshika redio wa kikosi na rafiki wa Orpa, akanituliza. Akasema, "Shem, usiogope kuitwa. Yale maneno ya mwisho ndiyo yanamwachilia."

Nikakubali. Akaita. Kumi na Saba. Kumi na Saba. Kumi na Saba. Kabla hajafika kwenye maneno ya kuaga, mvua ikaanza, na Brandon akamwashiria akate, wakubwa wa kaunti wasilowe. Jedidah akakata. Watu wakakimbilia magari yao. Mke wangu akabaki ameitwa, hajaagwa.

Baada ya hapo waliniruhusu niwe namwosha Shangazi kila Jumamosi. Nadhani waliona haya. Mara ya kwanza nikakuta kiti cha pembeni mwa dereva kimelowa, umbo la mtu aliyekaa. Nikakikausha. Jumamosi iliyofuata kimelowa tena, na ndani mote mnanuka nyasi zilizoungua. Mvua haikuwa imenyesha tangu mazishi. Nikiwa bado na kitambaa mkononi, redio ya mle ndani ikafunguka, ule mlio wa mtu aliyebonya kitufe na bado hajasema. Kisha pumzi. Orpa alikuwa na namna ya kuvuta pumzi puani kabla ya kusema, kama mtu anayejitwika ndoo. Nilikaa nayo miaka mingi, siwezi kuikosea.

Nikamwita Jedidah. Akasimama mlangoni, akasikiliza mpaka ikakoma.

"Shem," akasema polepole, "hiyo redio tulishaitoa."

Akainama akanionyesha. Palikuwa na tundu na nyaya zilizokatwa.

Palepale akayasema maneno ya kuaga, peke yake. Pumzi ikaanza upya. Akaniambia sisi wawili si kikosi. Kilichomwita ni kikosi kizima, na ndicho kitakachomuaga.

Wakati huo bodi ilikuwa imeshapata gari jipya. Walizunguka kaunti nzima na picha ya Orpa wakichangisha fedha za gari, yeye aliyenyimwa hata pampu. Shangazi alikuwa auzwe chuma chakavu, achukuliwe siku hiyohiyo ya sherehe ya kulipokea jipya. Mwanangu Rogers, anayekaa Alief kule Houston, alikuwa akinibembeleza nihamie kwake. Nikamwambia nitakuja mama yako akishaagwa. Akaniuliza kwa Kiingereza kama ninakula vizuri.

Kuna desturi nyingine. Gari jipya haliingii kituoni mpaka limwagiwe maji ya tangi la lile la zamani, kisha linasukumwa ndani kwa mikono. Jedidah alisema ndivyo la zamani linavyolirithisha jipya. Nikamwuliza, linalirithisha nini? Akachukua funguo zake. Tukaenda wote kwa Brandon, nikamwomba Orpa aagwe kabla ya maji. Akaniwekea mkono begani.

"Kwanza Orpa, halafu maji," akasema. "Nakuahidi, Patroba."

Siku ikafika, jua la mchana linawaka. Mpiga picha akasema wingu linakuja, mwanga utaharibika. Brandon akaamuru waanze na maji. Mara ya kwanza mvua, mara ya pili jua. Wakubwa hawakosi hali ya hewa ya kumnyima mtu haki yake. Nikapiga kelele. Nikikasirika Kiingereza kinanikimbia, kwa hiyo nilisema kwa Kiswahili, na watu wakapiga makofi wakidhani ninabariki.

Maji yalitoka ya kijivu, kama yameoshea majivu. Makofi yakapungua. Tukalisukuma gari jipya ndani, nami nikiwemo, na upande wangu, upande wa kiti cha pembeni, lilikuwa zito.

Ndipo wakajipanga mbele ya Shangazi, na Jedidah akashika redio.

"Kumi na Saba hajibu. Amemaliza zamu yake. Kapumzike, dada yetu, sisi tutaendelea."

Nikapanda kwa Shangazi, nikagusa kiti. Kikavu. Hakuna harufu, hakuna pumzi. Nikasema moyoni, basi, amekwenda.

Halafu kule ndani kituoni redio ya gari jipya ikafunguka. Brandon akageuka akauliza nani yumo. Hakuna aliyekuwemo. Tukaenda kutazama. Viti vilikuwa bado vimefungwa nailoni za kiwandani, na chini ya nailoni ya kiti cha pembeni maji yalikuwa yanakusanyika taratibu. Kikosi kizima kilisikia ile pumzi ya mtu anayejitwika ndoo.

Brandon alisema ni mitambo mipya, itazoea. Jioni lori likaja likamburuta Shangazi, mtupu.

Nikampigia Rogers nikamwambia asiniandalie chumba.

"Mama yako," nikasema, "wamempangia zamu nyingine."