Pikipiki Iliyoundwa Jikoni

Cheche aliunda pikipiki yake ya mashindano jikoni kwa mama yake, na mama akahamishia sufuria barazani bila kunung'unika. Injini aliitoa kwenye pikipiki iliyogongwa. Fremu aliichomelea mwenyewe. Mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, ndio aliouhangaikia hadi akakonda. Kaka yake, aliyeshindana katika timu ya kampuni kubwa ya pikipiki, alikuwa akija kumshikia tochi na kumsifu. "Mdogo wangu, una kichwa wewe!"

Asubuhi ya mashindano Cheche akapita kwenye hema la kampuni. Akauona mkono wa umbo lilelile alilolibuni, umepakwa rangi nyekundu, umefungwa kwenye pikipiki ya kaka.

Akamgeukia kaka, aliyesimama kando yake. "Umeniibia!"

"Punguza sauti," kaka akasema, akivaa glavu. "Niliwaonyesha tu ulivyouunda. Chuma ni chuma."

"Kumbe nilikuwa namkaribisha mwizi jikoni kwa mama!"

Mama, aliyekuja kuwatazama wakishindana, akajipenyeza katikati yao. "Wanangu, msinivue nguo mbele za watu."

Cheche akaenda kuwasha pikipiki yake, lakini hakupoa. Mbio zilipoanza aliendesha kama anayetaka kuing'oa lami. Kwenye mteremko alimfikia kaka, na hapo akaona: ule mkono mwekundu ulikuwa unapinda kila wakikata kona. Wameiga umbo, wakaweka bomba la chuma jembamba mno!

Moyo ukamwambia, mwache. Akaukemea, akajisogeza ubavuni, akapunga: punguza! Kaka akadhani anakejeliwa, akazidi kukaza mwendo.

Kwenye kona iliyofuata, mkono mwekundu ukakatika, kaka akarushwa mtaroni.

Cheche akafunga breki. Wengine wakampita vuu, vuu, na ushindi ukaenda nao. Akamvuta kaka kutoka mtaroni, bega limeteguka, uso vumbi tupu.

"Kwa nini hukuniuliza nimeweka bomba gani?" alifoka, machozi yakimtoka. "Ningekuambia, mjinga wewe!"

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Usiniite mdogo wako leo."

Jioni, bega likiwa limefungwa bendeji, kaka alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema kazi ile ilikuwa ya nani. Meneja wa kampuni akamfuata Cheche, tabasamu hadi masikioni, kiganja mbele. Cheche akakitazama kile kiganja mpaka meneja akakirudisha mfukoni.

Njiani kurudi nyumbani mama aliuliza taratibu, "Utamsamehe?"

"Mama, nakuheshimu sana. Hilo usiniulize leo."