Honi Iliyosema Hali ya Kawaida

Honi ya tahadhari ya kijiji chetu cha Faletahi, kisiwani Vavaʻu, iliendeshwa na kompyuta iliyokaa chumba cha nyuma cha kanisa, juu kilimani. Kila dakika, hati fupi ya amri niliyoiandika mwenyewe ilisoma kipimo cha maji gatini. Maji yakishuka au kupanda kupita kiasi, honi ilie. La sivyo, iandike "hali ya kawaida."

Jumamosi moja niliihamisha kompyuta hiyo kutoka toleo la zamani la Linux, mfumo unaoiendesha, hadi jipya. Nilitaka kumaliza kabla ya Jumapili, siku ambayo kwetu hakuna anayegusa kazi. Nilipoiwasha, hati iliandika hali ya kawaida, na kweli bahari ilikuwa shwari. Nikataka kuijaribu honi yenyewe. Feleti, mkuu wa kijiji, akakataa.

"Kalolaine, dada yangu, watu ndio kwanza wanaoga. Unataka uwakimbize mlimani na mataulo? Jaribu Jumatatu."

Nikakubali.

Kesho yake kanisani, katikati ya wimbo wa pili, ardhi ilitikisika. Mabenchi yaligongana, vumbi likatudondokea kutoka darini, na mtikisiko ukaendelea hata nikaacha kuhesabu. Ulipotulia, sote tulitega masikio. Kimya.

"Fundi," Feleti alininong'oneza, "honi yako nayo inashika Jumapili?"

Mtu mmoja nyuma yetu alicheka. Mimi nilikuwa natazama dirishani. Maji yalikuwa yameondoka gatini, boti zimelala ubavu kwenye matope. Mama yangu, mwenye goti bovu, alikuwa amebaki huko chini karibu na ufuko akilinda umu, tanuri letu la ardhini, pamoja na wazee na wenye watoto wachanga wa ghuba nzima.

Nilikimbilia chumba cha nyuma, Feleti nyuma yangu.

"Nikapige lali?" aliuliza, akionyesha ile ngoma ya gogo ya kuitia watu ibadani.

"Lali linalia Jumapili kutwa, kaka. Watadhani ni ibada ya mchana. Mfuate mama!"

"Na wengine?"

"Niachie mimi. Nenda!"

Kwenye kioo cha kompyuta, kila dakika ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema amri fulani haikupatikana. Wa pili ulisema hali ya kawaida. Hali ya kawaida, hali ya kawaida, tangu jana, nilipoutazama huo wa pili tu.

Nililazimisha macho yasome polepole. Hati yangu iliomba isomwe na programu iitwayo sh. Katika toleo la zamani jina hilo lilikuwa la bash, inayoelewa mabano ya mraba mawilimawili niliyotumia kulinganisha vipimo. Toleo jipya limeipa jina hilo programu nyingine, nyepesi, isiyoyajua mabano hayo. Ilikwama hapo, ikachukulia jibu kuwa "hapana," ikaruka hadi mstari wa mwisho.

Nikabadilisha mstari wa kwanza wa hati, nikaandika bash. Nikasubiri dakika igeuke.

Hali ya kawaida.

Niliusoma tena mstari wa kwanza, ulikuwa sawa. Ndipo nikafungua ratiba inayoita hati. Hapo mwenyewe, miaka sita iliyopita, nilikuwa nimetanguliza neno sh mbele ya jina la hati, kwa hiyo ombi lililo ndani yake halikusikilizwa kabisa. Sikuigusa ratiba. Niliandika bash kwa mkono, kisha jina la hati, nikabonyeza.

Honi ikalia.

Nilitoka nje. Huko chini milango ilifunguka, watu wakaanza kupanda, mmoja amebeba mtoto, mwingine sufuria. Feleti alikuja mwisho, mama mgongoni, mkeka wa ibada aliojifunga kiunoni ukiburuzika. Walikuwa nusu ya kilima bahari iliporudi, ya kahawia, ikapita juu ya gati na kuingia jikoni kwetu.

Feleti alimshusha mama kwenye ngazi za kanisa. Nikampigia magoti.

"Mama, hukuona maji yakiondoka?"

"Niliyaona, mwanangu," alisema, akihema. "Nikasema, honi ya Kalolaine haijalia, basi si kitu. Nikarudi kwenye viazi vyangu."