Upendeleo wa Sekunde Tatu

Kijiwe cha bodaboda cha stendi ya Ruangwa hakikuwa na mwanamke hata mmoja, na Mwenyekiti Silvanus aliapa kwamba hakuna aliyewazuia. Shakila wa Ruponda akitaka nafasi, amshinde Mustafa, dereva wao mwenye kasi kuliko wote, kwa mbio, mita mia mbili, kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Chunyu. Na kwa kuwa pikipiki yake ilikuwa ndogo, ikikohoa kama mvuta kiko, wakamwonea huruma: kati ya taa mbili zilizofungwa kwenye mstari wa kuanzia, yake ingegeuka kijani sekunde tatu kabla ya taa ya Mustafa.

Kanuni ilikuwa moja, imeandikwa kwa kalamu nene: Atakayetangulia kuiba taa, yaani kuondoka kabla ya kijani, ameshindwa.

Shakila aliachia klachi mapema kidogo. Tairi likavuka mstari kwa upana wa kidole, taa ikiwa bado nyekundu. Mustafa naye akachomoka, akafika hatua tano nzima mbele kabla taa yake haijageuka. Kila mtu aliona. Silvanus akaunyanyua mkono wa Mustafa.

Shakila akauliza, na wizi wa huyu je? Akajibiwa kwamba mbio zilikwisha pale alipoiba yeye. Mtu hawezi kuiba katika mbio zilizokwisha.

"Lakini ninyi ndio mlionitanguliza," alisema. "Anayetangulizwa ndiye hutangulia kuiba. Mwenzangu anasubiri nikosee, halafu dhambi zake zinafutwa."

"Dada, umesaidiwa na bado unalalamika," alisema Silvanus. "Ule ulikuwa upendeleo."

"Basi mpeni Mustafa, turudie mbio. Nimemwachia."

Vijana wakacheka, wakamuuliza Mustafa kama anaogopa sadaka ya mwanamke. Mustafa, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusubiri kitu, akasema sekunde zenyewe hazihitaji, ila atazipokea ili mambo yaishe.

Wakajipanga upya. Shakila hakuwasha hata injini. Mkono wa Silvanus ulikuwa bado unaelekea kwenye swichi Mustafa alipotimka, vumbi likaifunika mikorosho ya kando. Taa ya kijani ikawaka, mstarini hayupo.

Aliporudi akipiga honi ya ushindi, vijana wote walikuwa wamemgeukia Silvanus. Silvanus aliisoma kanuni mara mbili, kisha akaigeuza karatasi kutazama kama nyuma kumeandikwa kitu.

"Mwenyekiti," Shakila alisema kwa adabu, "niwe napaki upande gani?"

Akaonyeshwa kule kando ya mtaro, penye matope. Akaenda kupaki.